Aliyemwaga Damu Kisha Akasilimu: Je, Haki za Waja Zinafutika?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Tarehe 23 Julai 1997 mzungu mmoja alikamatwa mjini Mombasa. Jina lake la kuzaliwa ni Georges Ruggiu, raia wa Ubelgiji ambaye baba yake ni Mtaliano. Wakati huo alikuwa amekwishasilimu na kujiita Omar. Aliyekuwa akimtafuta ni Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, ile iliyokuwa na makao yake Arusha. Kati ya Januari na Julai 1994 mtu huyu alikuwa mtangazaji wa redio RTLM mjini Kigali, redio iliyowaita Watutsi mende, iliyotaja watu kwa majina na mahali walipojificha, na iliyowahimiza wauaji waendelee na kazi yao.

Nilipokitaja kisa hiki katika darsa hapa Bugwema, kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, tumefundishwa kuwa Uislamu unafuta yaliyopita. Vipi basi Muislamu atolewe kwa jambo alilolifanya kabla ya kusilimu, tena apelekwe kwenye mahakama isiyohukumu kwa Kitabu cha Allah?" Wenzake walikubaliana naye. Nimeona swali hili lisijibiwe kwa maneno mawili, kwani imamu yeyote anaweza kuamka siku moja akamkuta mtu wa namna hii mlangoni mwa msikiti wake anataka kutamka shahada.

Wala mtu wa Mara asiseme kuwa haya ni mambo ya mbali. Mwezi wa Aprili 1994, kwa muda wa takriban siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara. Chini ya daraja hilo mto Kagera ulikuwa ukibeba maiti. Mto huo unamwaga maji yake katika ziwa letu hili hili la Victoria, na upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliopoa na kuzika maelfu ya miili. Wengi wa rika langu wanakumbuka jinsi watu wa kandokando ya ziwa walivyoogopa kula samaki mwaka ule.

Sasa tuingie katika dalili. Hadithi aliyoikusudia kijana ni sahihi, ameipokea Imam Muslim. Amr bin Al-Aas (R.A.) alipokuja kutoa kiapo cha utii alizuia mkono wake, akaweka sharti kwamba asamehewe yaliyopita. Mtume (S.A.W.) akamfahamisha kuwa Uislamu unabomoa yaliyokuwa kabla yake, na Hijra vivyo hivyo, na Hija vivyo hivyo. Aya ya 38 ya Suratul Anfal ina maana hiyo hiyo. Hapa hakuna ubishi.

Lakini mwanafunzi wa fiqhi hachukui hadithi moja akazifunga nyingine kabatini. Katika Sahih Bukhari, ndani ya hadithi ndefu ya Hudaybiyya, kimo kisa cha Mughira bin Shu'ba (R.A.). Kabla ya kusilimu alisafiri na watu wa kabila la Thaqif, akawaua njiani na kuchukua mali zao, kisha akaja Madina kusilimu. Mtume (S.A.W.) aliukubali Uislamu wake, ama ile mali akasema hahusiki nayo kwa lolote. Na waandishi wa Sira wameeleza kwamba Urwa bin Mas'ud ndiye aliyebeba dia ya wale waliouawa, watu kumi na watatu, ili kuzima vita baina ya koo mbili. Tazama jinsi mambo mawili yalivyotenganishwa: imani ya mtu ikapokelewa siku ile ile, na damu ikabaki na wenyewe mpaka ilipolipiwa.

Mtu atauliza: mbona Wahshi hakudaiwa damu ya Hamza (R.A.)? Wahshi alimuua Hamza katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, baina ya majeshi mawili yaliyopigana waziwazi. Aliposilimu, Mtume (S.A.W.) alimpokea, akamuomba tu asimuonyeshe uso wake. Hii ndiyo tofauti waliyoisimamia fuqahaa. Imam Al-Qarafi (aliyefariki 684H), katika kitabu chake Al-Furuq, amewatenganisha watu wawili: harbi, yaani aliye vitani na Waislamu, ambaye akisilimu hadaiwi damu alizomwaga katika hali ile, na yule aliyekuwa akiishi na watu kwa ahadi na amani, ambaye dhulma alizowafanyia waja hazimdondoki kwa kusilimu. Mtangazaji wetu yuko upande gani? Aliingia Rwanda kwa ruhusa, akala chakula chao, akalala mjini kwao. Waliouawa hawakuwa jeshi lililomkabili. Walikuwa wanawake, watoto na wazee, wengi wao wakiuawa makanisani na majumbani. Mimi sioni njia ya kumuingiza katika hukumu ya Wahshi.

Ipo hoja nyingine yenye nguvu zaidi, nayo kijana hakuitaja. Katika Suratul Maida, baada ya kutajwa adhabu ya wanaoeneza ufisadi katika ardhi, aya ya 34 inawatoa wale waliotubu kabla ya kutiwa mikononi. Ruggiu alisilimu kabla ya kukamatwa. Je, aya haimuokoi? Jumhuri ya maulamaa wanasema kinachoanguka kwa toba hiyo ni ile hadi ya uharamia, ambayo ni haki ya Allah (S.W.). Ama kisasi na mali za watu hubaki mikononi mwa wenyewe: wakitaka wadai, wakitaka wasamehe. Wapo waliopanua zaidi upande wa msamaha, na kauli zao zimo vitabuni. Ila sijamkuta aliyesema kuwa mwenye damu akisimama kudai afukuzwe.

Ibnul Qayyim, katika Al-Jawabul Kafi, ameliweka jambo hili kwa namna ambayo sijaona iliyo wazi kuliko hiyo. Anasema muuaji amefungwa na haki tatu: ya Allah, ya aliyeuawa, na ya mawalii wake. Akijisalimisha kwa mawalii kwa hiari yake, hali ya kuwa anajuta, haki ya Allah huanguka kwa toba, na haki ya mawalii hukidhiwa kwa kisasi, suluhu au msamaha. Hubaki haki ya marehemu mwenyewe, na hiyo Allah atamfidia Siku ya Kiyama kwa niaba ya mja wake aliyetubu. Zingatia sharti alilolitanguliza: kujisalimisha. Imam An-Nawawi naye katika Riyadhus Salihin, baada ya masharti matatu ya toba, ameongeza la nne pale dhambi inapohusu haki ya mwanadamu, nalo ni kumrudishia mwenyewe haki yake. Kwa hiyo anayesema "nimetubu" huku anawakimbia wenye damu, toba yake ina pengo.

Na je, mtu ambaye hakushika panga? Katika darsa ile mwingine alisema kwamba maneno ya redioni si kuua. Fuqahaa walilijadili hili karne nyingi kabla ya redio. Umar bin Al-Khattab (R.A.) aliwaua watu watano au saba kwa ajili ya mtu mmoja waliyeshirikiana kumuua kwa hila, akasema lau watu wote wa San'aa wangeshirikiana katika hilo angewaua wote. Wakajadili pia mas'ala ya mtu anayemshika mwenzake ili mwingine amuue. Imam Malik anaona wote wawili wanauawa, iwapo aliyeshika alijua lengo la mwenzake. Imam Ahmad, katika moja ya mapokezi yake, anaona aliyeshika afungwe gerezani mpaka afe. Abu Hanifa na Shafii wanaona atiwe adabu kwa kadiri ya rai ya hakimu. Hakuna aliyesema aachwe aende zake. Sasa mtu anayetangaza hewani kwamba fulani yuko nyumba fulani, na nje vijana wanasubiri na mapanga, ana tofauti gani na aliyeshika mikono? Kwa rai yangu yeye amewashika wengi kwa wakati mmoja.

Mahakama ya Arusha ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa Azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na ilifunga kazi tarehe 31 Desemba 2015 baada ya kuwashtaki watu 93. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kutoa hukumu ya mauaji ya kimbari, na ikahesabu ubakaji kuwa sehemu ya mauaji hayo. Ruggiu alikiri makosa mwezi Mei 2000: kuchochea mauaji ya kimbari moja kwa moja na hadharani, na kuwatesa watu kwa sababu ya asili yao. Tarehe 1 Juni 2000 alihukumiwa miaka 12. Majaji walizingatia kukiri na kujuta kwake katika kumpunguzia adhabu. Kwa hiyo toba yake haikupuuzwa, bali ilipewa nafasi inayostahiki.

Tusimsahau na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, ambaye ni mtu wa jina letu na dini yetu. Alihukumiwa mwaka 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikamuachia miaka 35. Waislamu wengi wa Rwanda, wakiwemo wa Biryogo mjini Kigali, walisifiwa kwa kuwaficha majirani zao majumbani, na hilo ni fahari ya haki. Lakini fahari hiyo si ya kugawiwa kila mwenye jina la Hassan.

Inabaki sehemu ya pili ya swali: mahakama isiyo ya kisharia. Mtume (S.A.W.) alishuhudia Hilful Fudhul kabla ya Utume, mkataba wa washirikina wa Makka wa kumtetea aliyedhulumiwa, na baadaye alisema lau angeitwa katika mfano wake ndani ya Uislamu angeitika. Kumrudishia aliyedhulumiwa haki yake ni jambo jema, hata likisimamiwa na asiyekuwa Muislamu. Na tuseme kweli: wauaji wa Waislamu zaidi ya 8,000 wa Srebrenica, mwezi Julai 1995, nao walifikishwa mbele ya mahakama ya namna hiyo hiyo. Karadžić alipewa kifungo cha maisha mwaka 2019 katika rufaa, na Mladić alithibitishiwa chake mwaka 2021. Tulifurahi. Mizani tuliyoikubali pale waliouawa walipokuwa ndugu zetu hatuwezi kuikataa pale mshtakiwa anapokuwa ndugu yetu. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa imetuamuru kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Hii si kusema mahakama ile ilikuwa kamili. Haikumshtaki hata mmoja wa upande wa RPF, ulioshinda vita, ingawa ilikuwa na mamlaka ya kufanya hivyo. Kwa jicho la fiqhi, upungufu wake mkubwa ni kwamba mawalii wa damu walifika Arusha kama mashahidi tu. Hawakuulizwa kama wanasamehe, wala hawakupewa fidia. Mwezi Februari 2008 Ruggiu alihamishiwa Italia kumaliza kifungo, na mwezi Aprili 2009 Italia ikamuachia kabla ya muda, kinyume cha kanuni za mahakama yenyewe. Waliofiwa hawakuombwa rai. Katika Uislamu msamaha wa damu uko mikononi mwa walii, kama ilivyo katika aya ya 178 ya Suratul Baqara, na wala si wa serikali ya mbali. Mabaraza ya gacaca ya Rwanda, yaliyofungwa mwaka 2012, yalikuwa na kasoro zake nyingi, lakini pale angalau aliyekiri alisimama mbele ya waliofiwa, akasema ni nani alimuua na maiti iko wapi.

Basi imamu afanye nini? Anayekuja kusilimu, asilimishwe papo hapo. Haijuzu kumchelewesha hata kwa saa moja ili achunguzwe, na mtu wa aina yoyote mlango wa toba uko wazi kwake. Akifa tutamuosha, tutamswalia na kumzika. Lakini ikibainika kwamba anadaiwa damu na mahakama inamtafuta, asifichwe msikitini wala madrasa, wala asitafutiwe hati za kusafiria kwa jina jipya. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ali (R.A.) laana ya Allah juu ya mwenye kumpa hifadhi mhalifu, na maulamaa wameifasiri kuwa ni pamoja na kumkinga asichukuliwe haki. Zile hadithi za kumsitiri Muislamu zinahusu aibu iliyo baina yake na Mola wake. Damu za watu hazimo humo. Imamu amueleze haya kwa upole, amshauri ajisalimishe mwenyewe, na akiweza afuatane naye.

Na ikiwa anahofia kuuawa barabarani na watu wenye hasira kabla hajafika kwa hakimu, hapo kumlinda ni wajibu, kwa sababu aya ya 33 ya Suratul Israa imemkataza hata walii wa damu kuvuka mpaka. Alindwe, na wakati huo huo vyombo vinavyohusika vijulishwe mahali alipo. Wallahu a'lam.