Granny: Jinsi ya kumtoroka bibi anayesikia kila kitu, na jambo moja la kumwambia mdogo wako

Kama kuna mtoto anayependa kukuazima simu nyumbani, huenda umeshamkuta kabana pumzi, kidole kwenye kioo, huku bibi kizee mwenye gongo akimsaka chumba kwa chumba. Hiyo ndiyo Granny, gemu ya kutisha ambayo haikutoka kwenye kampuni kubwa. Imetengenezwa na DVloper, mtengenezaji mdogo wa gemu kutoka Sweden.

Kwa tuliopo Ubaruku uzuri wake ni mmoja: ni ya bure, na ukishaipakua inacheza bila bando.

Ziko ngapi?

Ziko tatu. Ya kwanza ilitoka 2017, ikafuata Granny: Chapter Two mwaka 2019, halafu Granny 3 mwaka 2021. Zicheze kwa mpangilio huo, maana kila moja inaongeza ugumu juu ya iliyotangulia.

Inachezwaje?

Unaamka ndani ya nyumba ya giza na mlango umefungwa. Una siku 5 tu za kutoroka. Bibi akikupiga, siku moja imekwenda na unaamka tena kitandani. Siku ya tano ikiisha hujatoka, mchezo umekwisha.

Ili kutoka unatafuta vitu: nyundo ya kung'oa mbao zilizopigiliwa mlangoni, koleo la kukata waya, namba ya kufuli na funguo. Kila ukianza upya vitu hivyo vinahamishwa, kwa hiyo kukariri alipovikuta rafiki yako hakutakusaidia.

Shida ni masikio ya bibi. Ukiangusha kitu sakafuni, anasikia na anakuja mbio. Pa kujificha ni kabatini au chini ya kitanda, ila akikuona unaingia, umekwisha.

Kwenye ya pili kuna babu pia. Yeye hasikii vizuri, lakini akikupata anapiga kweli. Ya tatu inawaleta wote wawili pamoja na Slendrina, mzimu wa kike kutoka gemu za mwanzo za mtengenezaji huyohuyo.

Mbinu 4 za kumaliza

1. Anza na hali ya mazoezi. Humo bibi hayupo, unazunguka nyumba nzima na kujifunza vyumba.

2. Vaa spika za masikioni. Sauti ndiyo inayokuambia bibi yuko wapi. Ukichezea karibu na mashine ya kukoboa mpunga bila spika hizo, utakamatwa siku ya kwanza.

3. Tumia kelele kama chambo. Angusha kitu chumba kimoja, kimbilia kingine. Bibi anaifuata sauti, hakufuati wewe.

4. Tazama chini unapotembea. Bibi anatega mitego sakafuni, na ukinasa unapoteza muda wakati yeye anakuja.

Kwa nini inatisha wakati picha zake ni za kawaida?

Kwa sababu huna silaha ya maana na huoni mbali. Kinachokutisha zaidi ni kile unachokisikia nyuma ya mlango, akili yako inamalizia yenyewe.

Gemu nyingine maarufu ya aina hii, Five Nights at Freddy's ya Mmarekani Scott Cawthon, iliyotoka 2014, inatumia ujanja unaofanana. Wewe ni mlinzi wa usiku, una kamera na milango miwili, lakini umeme ni wa kipimo. Ukiutumia vibaya unakata kabla hakujakucha. Mtu yeyote aliyewahi kuona LUKU inaisha saa tano usiku anaielewa hofu hiyo bila kufundishwa.

Kabla hujapakua

Chukua gemu kwenye Play Store, na uangalie jina la mtengenezaji na alama ya umri. Zile nakala zinazorushwa kwenye magrupu, za "bibi hapigi" au "siku hazimaliziki", ziache. Hujui kilichowekwa ndani. Gemu ya kutoroka nyumba haina sababu ya kuomba ruhusa ya kusoma meseji zako. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kuziona namba za siri unazotumiwa kwa meseji, na simu yako ndiyo yenye pesa zako.

Mtoto akicheza, zima data. Bando linabaki, na matangazo ya kubonyeza ovyo yanapungua.

Jambo la kumwambia mdogo wako

Kwenye gemu, ukichukua mdoli wa dubu, macho ya bibi yanakuwa mekundu na anakuja moja kwa moja mpaka ulipo. Ni hadithi, na kwenye hadithi inafanya kazi vizuri.

Ila hapa kwetu Tanzania macho mekundu yameua watu wa kweli. Kwa miaka mingi, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa kama Shinyanga na Mwanza, vikongwe wengi, zaidi wanawake, wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yakatajwa kama ushahidi. Kumbe sababu ya mara nyingi iko jikoni: miaka na miaka ya kupuliza moto wa kuni, na sehemu nyingine samadi ya ng'ombe. Moshi unachoma macho.

Mtoto wa miaka minane hana namna ya kujua tofauti hiyo mwenyewe. Anamkimbia bibi wa kwenye simu jioni, kesho yake anakutana na bibi jirani anayetembelea fimbo, macho mekundu, halafu wenzake wanaanza kumwita jina la gemu. Wao wanacheka, lakini jina la namna hiyo likishamganda mzee mtaani, kulibandua ni kazi.

Kwa hiyo huna haja ya kumnyang'anya simu. Kaa naye dakika kumi, mcheze wote, umwambie wazi: bibi huyu kachorwa na mtu ili atutishe. Yule wa jirani macho yake yameharibiwa na moshi wa kupikia watoto wake, na ukimkuta njiani unamsalimia shikamoo na kumpokea mzigo.

Baada ya hapo rudini kutafuta nyundo. Siku bado zipo nne.