Saa ya Xbox yako ikianza kusahau wakati, ifungue kabla haijafa

KAMA nyumbani kwenu Giakanja kuna Xbox ile ya kwanza, nyeusi, nzito, yenye herufi X kubwa juu ya kifuniko, fanya jaribio hili leo. Iwashe, weka saa na tarehe sahihi, kisha izime na uchomoe waya ukutani. Subiri dakika kumi, uichomeke tena. Ikikuomba uweke saa upya, jua kuna kitu ndani kimechoka, na huenda tayari kinaila mashine yako kimyakimya.

Wengi hupuuza dalili hii. Stima ikipotea na kurudi, unaweka saa upya, unaendelea na mechi yako, maisha yanasonga. Saa si kitu, gemu bado inacheza! Ndiyo maana Xbox nyingi zinakufa kifo ambacho kingezuiwa na kazi ya alasiri moja.

Kitungi kinachotunza saa

Xbox hii ilianza kuuzwa Marekani Novemba 15, 2001 na kufika Ulaya Machi 2002. Iliyo kwenu pengine ilikuja ikiwa mtumba, au ilitumwa na shangazi anayeishi ng'ambo. Vyovyote vile, ina umri wa miaka 20 au karibu na hapo. Huenda imekuzidi umri.

Mashine nyingi hutunza saa kwa betri ya duara inayofanana na sarafu. PlayStation 2 ile nene, kwa mfano, hutumia betri aina ya CR2032. Ikiisha, unanunua nyingine na mambo yanaendelea. Xbox ya kwanza haina betri hiyo. Ina kapasita, yaani kitungi kidogo kinachohifadhi umeme kwa muda. Ukichomoa waya ukutani, kapasita hiyo huendelea kuilisha saa kwa saa chache, kisha huisha. Ukichomeka tena, inajichaji.

Kapasita yenyewe ni ya faradi 1 na volti 2.5. Kwa mtu aliyezoea kufungua redio, hicho ni kiasi kikubwa mno. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 unayoikuta kwenye redio ni sehemu moja tu kati ya elfu ya hii.

Shida ni kwamba ndani ya kitungi hicho mna majimaji yenye kemikali. Miaka inavyosonga na joto la mashine likiendelea kukipiga, kizibo chake hulegea na majimaji hayo huanza kutoka. Hutambaa kwenye bodi na kula njia nyembamba za shaba zinazopitisha umeme. Njia moja ikikatika, vituko vinaanza: mashine inajiwasha yenyewe usiku, inajizima katikati ya mechi, mlango wa diski unajifungua bila kuguswa, au siku moja unabonyeza na haiwaki kabisa.

Na usidanganyike kwamba saa ikikaa vizuri uko salama. Kapasita inaweza kuvuja huku bado inatunza saa. Jaribio la dakika kumi linakuonyesha iliyochoka tu. Iliyovuja utaijua kwa kufungua na kuangalia kwa macho.

Utapoteza zaidi ya mashine

Labda unasema, "Ikifa nitatoa diski kuu niiweke kwenye kompyuta, nichukue vitu vyangu." Hapo ndipo wengi wanaumia. Diski kuu ya Xbox imefungwa kwa nywila, na ufunguo wa nywila hiyo umehifadhiwa kwenye chipu iliyo kwenye bodi. Diski na bodi ni kama kufuli na ufunguo wake. Bodi ikifa kabla ufunguo huo haujanakiliwa, diski inabaki nzima lakini haisomeki.

Sasa fikiria kilichomo. Pengine ni ligi ambayo kaka yako aliicheza misimu mitano kabla hajaenda kutafuta kazi Ghuba. Pengine ni kampeni ya Halo mliyoimaliza wawili likizo ile ndefu baada ya mtihani. Vitu hivyo havipatikani tena dukani wala mtandaoni. Vipo ndani ya sanduku hilo tu, na vinategemea kitungi kisichozidi ukubwa wa kifundo cha kidole.

Kwa hivyo hatua ya kwanza kabisa haihitaji bisibisi. Kama unaweza kupata kadi ya kumbukumbu ya Xbox, ile ya megabaiti 8 inayoingia kwenye padi, nakili humo kila ulichohifadhi kinachokubali kunakiliwa.

Kabla ya kufungua

Chomoa waya ukutani, kisha iache mashine ikae angalau saa moja. Hili usilipuuze. Sehemu inayopokea umeme wa stima ndani ya Xbox hii haina kifuniko chake yenyewe. Iko wazi ukishaondoa mfuniko wa juu, na ina kapasita kubwa zinazoweza kushikilia umeme hatari hata baada ya kuchomoa. Usiiguse kwa kidole wala kwa chuma. Kama hujawahi kufungua kifaa cha stima, fanya kazi hii na mtu aliyewahi.

Angalia pia kibandiko cha chini. Kama mashine ilitoka Marekani, itakuwa imeandikwa volti 100 hadi 120. Stima yetu ni volti 240. Bila transfoma ya kushusha umeme, utaichoma siku ya kwanza, na hapo kapasita ya saa haitakuwa na kosa lolote. Tazama na waya wa stima pia. Mnamo 2005 Microsoft ilijitolea kubadilisha nyaya milioni 14 za Xbox kwa sababu ya hatari ya moto. Kama wako umeungua kidogo au unapata joto, uache.

Utahitaji bisibisi ya nyota ya pembe sita, saizi T20 na T10, chuma cha kuchomea risasi, glavu, mswaki wa zamani, na isopropyl. Duka la dawa litakupa spiriti ya vidonda ukiomba "spiriti" tu, na baadhi ya hizo huchanganywa na mafuta. Taja isopropyl kwa jina, na uchukue iliyo kali, asilimia 90 au zaidi.

Kazi yenyewe

Geuza mashine. Skrubu sita za T20 ndizo zinazoshika mfuniko: nne ziko chini ya miguu ya mpira, mbili zimejificha chini ya vibandiko. Inua mfuniko. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote, na upige nyingine kila unapotoa kitu. Picha hizo ndizo zitakuokoa wakati wa kurudisha.

Toa kifaa cha kusoma diski na diski kuu pamoja na vishikio vyake. Sasa bodi inaonekana. Tafuta kitungi kifupi kinene, mara nyingi chenye rangi ya dhahabu, kilichosimama peke yake. Ukiona utando wa kahawia, kijani au unyevu chini yake, umevuja. Vaa glavu, maana majimaji hayo ni sumu, na fungua dirisha.

Usiving'oe vile wanavyong'oa viazi! Ukivuta kwa nguvu, utatoka na pete za shaba za bodi. Toa bodi nzima, igeuze, pasha moto mguu mmoja wa kapasita, uilaze kidogo, kisha upashe mwingine, hadi itoke kwa upole. Mguu mmoja umeunganishwa na eneo pana la shaba linalonyonya joto, kwa hivyo chuma dhaifu kitakusumbua. Kuwa na subira.

Kisha sugua sehemu hiyo kwa mswaki na isopropyl, ufute, urudie hadi iwe safi. Hata usipoona uchafu, safisha. Iache ikauke kabisa. Mulika kwa tochi ya simu na ufuate kila njia ya shaba. Penye shaka, pima kwa mita kama umeme unapita. Njia iliyokatika huunganishwa kwa waya mwembamba kama unywele. Hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, usione haya kumpelekea fundi.

Urudishe nyingine au uache?

Habari njema kwa mfuko: si lazima. Xbox hufanya kazi bila kapasita hiyo. Utakachopoteza ni saa tu, kila ukichomoa waya au stima ikienda. Ukiwa huna pesa sasa, itoe, safisha, funga, cheza. Mashine imepona.

Ukitaka saa irudi, tafuta kapasita ya faradi 1, ya volti 2.5 au zaidi. Panda matatu hadi mjini Nyeri uulize wauza vipuri vya redio, au umtume anayekwenda Nairobi apitie Luthuli Avenue. Msisitizie: faradi moja, si mikrofaradi moja. Ukirudisha, hakikisha upande wa hasi umeingia panapostahili. Picha zako zitakuonyesha.

Kuna Xbox moja ya kuachwa ilivyo. Toleo la mwisho, liitwalo 1.6, ambalo ni la kuanzia 2004, lilitumia kapasita ya aina nyingine isiyo na sifa ya kuvuja. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye kibandiko. Ikiwa ni 2001, 2002 au 2003, usingoje.

Kama mikono yako inatetemeka, hakuna aibu. Anza kwa kutoa kapasita kwenye bodi ya redio iliyokufa, mara kumi, ishirini, mpaka zitoke bila kuharibu shaba. Kama una rafiki anayesomea umeme Nyeri National Polytechnic au Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mwalike na umwekee chai. Ukishaimudu, utakuwa na ujuzi unaouzika: kutoa kitu kidogo kwenye bodi bila kuiumiza ndiyo kazi ileile inayofanywa kwenye redio, runinga na chaja za simu kila siku.

Kapasita uliyoitoa usiitupe shambani wala kuichoma na takataka. Ifunge kwenye karatasi ya plastiki uiweke pamoja na betri zilizokufa, zipelekwe panapokusanywa taka za elektroniki.

Mashine hii haitengenezwi tena, na kila inayokufa imekwenda. Yako bado inawaka. Ifungue ikiwa hai.