Anayemkagua Mwenye Muhuri

Mwanahistoria Matthew Aid alikuwa mtu wa kila mara katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa za Marekani, huko College Park, Maryland. Siku moja akaomba karatasi alizokwisha kuzinakili miaka kadhaa nyuma. Akajibiwa kwamba hazitolewi tena, zimerudishwa kwenye siri. Nakala anazo nyumbani, lakini asili imekuwa mwiko! Miongoni mwa nyaraka zilizoondolewa rafuni kwa namna hiyo ilikuwamo tathmini ya CIA ya Oktoba 1950, iliyosema China haielekei kuingia vita vya Korea mwaka ule. Mwezi haujaisha, majeshi ya China yakawa yamevuka mpaka. Ukiuliza ni siri gani iliyokuwa bado inalindwa miaka 55 baadaye, mimi naona ni aibu tu.

Habari ilipolipuka mwanzoni mwa 2006, kazi ya uchunguzi ikaangukia ofisi ambayo hata Wamarekani wengi hawaijui: Ofisi ya Usimamizi wa Usalama wa Taarifa, ISOO kwa kifupi. Iliundwa mwaka 1978 kwa amri ya Rais Jimmy Carter, na tangu 1995 imo ndani ya idara ya Nyaraka za Taifa. Ni ofisi ndogo. Coaster moja inawatosha watumishi wake wote. Hata hivyo ndiyo inayosimamia siri za Wizara ya Ulinzi, Wizara ya Mambo ya Nje, mashirika ya ujasusi na kila idara ya serikali kuu inayoshika karatasi za siri.

Ukisikia kazi hiyo unafikiria makufuli na makasha ya chuma. Hayo yamo, lakini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba kisichostahili kuwa siri hakigongwi muhuri, na hiyo ndiyo ngumu. Aliyepata kukaa masijala yoyote, ya kwao au ya kwetu, anajua sababu: karani aliyeacha siri ikatoka atafukuzwa kazi, ila sijasikia karani aliyefukuzwa kwa kugonga SIRI kwenye waraka usio na siri.

Msingi wa yote ni Amri ya Rais namba 13526, iliyotiwa saini na Barack Obama Desemba 2009. Inataja madaraja matatu, kwa kipimo cha madhara ambayo nchi ingepata siri ikivuja: madhara, madhara makubwa, na madhara makubwa kupita kiasi. Anayeweka siri kwa mara ya kwanza lazima awe amepewa mamlaka hayo, na aweze kuyaeleza madhara anayoyaogopa. Akiwa na shaka kubwa kama siri inahitajika, asiiweke. Tena ni marufuku kutumia muhuri kuficha uvunjaji wa sheria, uzembe, au jambo la kumwaibisha mtu au ofisi.

Chukua ukurasa mmoja wa siri uutazame kwa karibu. Juu na chini umeandikwa daraja lake. Kila aya huanza na herufi ndani ya mabano kuonyesha kama aya ile ni ya siri au ni ya kawaida, maana waraka wa siri huweza kuwa na aya tano ambazo ungeweza kuzibandika ukutani. Ukurasa wa kwanza unataja aliyeweka siri, sababu yake, na tarehe ambayo siri itakwisha. Mkaguzi wa ISOO anapofika idarani huchambua sampuli ya karatasi kama hizo, akitafuta tarehe iliyorukwa, aya isiyo na herufi, au daraja lililopandishwa bila sababu.

Shida ni wingi. Mwaka 2017 maamuzi mapya ya kuweka siri yalikuwa kama 58,500. Siri za kurithi, yaani mtumishi anaponukuu jambo la siri kwenye barua pepe au ripoti yake nayo ikabeba muhuri uleule, zilikaribia milioni 49. Nani atazikagua zote hizo? Gharama ya kulinda siri mwaka huo ilipita dola bilioni 18.

Ukaguzi wa 2006, kwa bahati, ulikuwa na eneo linaloshikika. ISOO ilikuta rekodi zisizopungua 25,315 zimeondolewa mbele ya wasomaji. Ikapima sampuli ya 1,353: asilimia 24 hazikustahili kabisa kufichwa, na asilimia 12 nyingine zilitia shaka. Idara husika zikalazimika kukubali utaratibu mpya.

Lakini meno ya ofisi hii ni ya kuazima. Mkurugenzi wake anaweza kuamuru siri iliyowekwa kinyume cha amri ifunguliwe, na idara ikipinga inakata rufaa kwa Rais. Je, anayekataa akiwa jirani wa Rais? Ofisi ya Makamu wa Rais Dick Cheney iliacha kupeleka takwimu zake mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikazuia ukaguzi, ikidai kwamba yenyewe si chombo cha serikali kuu kinachoguswa na amri ya siri iliyotumika wakati huo, kabla ya ile ya Obama. Mkurugenzi wa ISOO, J. William Leonard, alipopeleka suala hilo kwa Mwanasheria Mkuu mwaka 2007, watu wa Cheney walipendekeza ISOO yenyewe ifutwe. Haikufutwa. Ila Ikulu ilisema Rais hakukusudia kumhesabu Makamu wake kama idara, na Cheney hakukaguliwa.

Nyaraka nyingi za siri zenye thamani ya kudumu zinatakiwa kufunguka zenyewe zikifikisha miaka 25, labda idara ipate kibali cha kuzizuia. Wajibu huo wa kufungua unatugusa hata sisi. Baadhi ya telegramu ambazo ubalozi wa Marekani mjini Zanzibar uliandika siku za mapinduzi ya Januari 1964, zikiwa na muhuri wa siri, leo zimechapishwa, na yeyote anaweza kuzisoma.