Kugeuza Njia ya Treni Penye Mvua na Unyevu

Mbwara hakuna reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na yenye urefu wa kilomita 1,860, hupita mbali upande wa magharibi. Hata hivyo, klabu ya sayansi ya shule yaweza kutandika reli ndogo uani na kujifunza kanuni zilezile. Sehemu itakayowasumbua wanafunzi kuliko zote ni pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili.

Hapo pana vipande viwili vya reli vilivyochongwa, viitwavyo ndimi, ambavyo husogezwa kwa pamoja. Ulimi mmoja hugusa reli ya pembeni, na wa pili huachana na yake. Ukibaki mwanya mdogo mahali panapopaswa kugusana, gurudumu laweza kupenya hapo na behewa likaanguka. Ndiyo maana katika reli kubwa ndimi hufungwa kwa komeo kabla treni haijaruhusiwa kupita.

Wengi hukimbilia koili za sumaku-umeme. Koili ya omu 4 ikiungwa na betri ya volti 12 hupitisha ampea 3, yaani wati 36. Kwa nusu sekunde hakuna dhara. Lakini swichi iliyoshika kutu ikinata, joto la juli 2,160 huzalishwa kila dakika, na koili huungua. Mota yenye gia hutumia umeme mdogo zaidi, ila huhitaji kasha. Kasha lenye alama IP65 huzuia vumbi na maji ya kurushwa. Halizuii kuzamishwa, jambo la kukumbukwa katika bonde linalofurika. Kasha la kujitengenezea litobolewe tundu dogo chini, kwa sababu hewa yenye unyevu ikipoa usiku huacha matone ndani. Tundu lizibwe kwa wavu, kwani wadudu nao hutafuta makao.

Njia iliyo bora kwa shule ni rahisi zaidi: mabomba mawili ya sindano, mapya, yasiyo na sindano zake, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba. Bomba moja likisukumwa, la pili husogeza ndimi. Hewa hubanika, hivyo mpira ukiwa mrefu nguvu hupotea. Maji hayabaniki kwa urahisi, mradi mapovu yatolewe yote. Katika nchi za baridi maji yangeganda. Rufiji adui ni jua, ambalo hufanya plastiki ivunjike upesi, bomba lifunikwe.

Umeme ubakizwe kwa kazi moja: taa ya kuonyesha njia iliyofunguliwa. Swichi yake iwekwe kwenye ulimi wenyewe, si kwenye mkono wa mwendeshaji. Kokoto ikikwama katikati, taa isiwake. Jaribio hilo lifanywe kwa kokoto ya kweli, na kwa ndoo ya maji, kabla ya masika ya mwezi Machi.