Amefaulu kidato cha sita, mbona anakwama mwaka wa kwanza chuoni?

Swali la mtihani limemtaka ajadili. Yeye kaorodhesha hoja sita, zote sahihi, akaambulia nusu ya alama. Hapo ndipo wahadhiri wanapobishana: huyu hajui somo, au hajui lugha ya somo?

Chukua kijana wa Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa. Shule ya msingi alisoma miaka saba kwa Kiswahili. Sekondari masomo yakageuka Kiingereza, ingawa walimu wengi huandika ubaoni kwa Kiingereza na kufafanua kwa Kiswahili. (Bila hivyo, wengi wasingeelewa kitu.) Chuoni anatakiwa asome vitabu, asikilize mihadhara na aandike insha, vyote kwa Kiingereza.

Dawa ya kawaida ni somo la stadi za mawasiliano: kuandika aya, kufupisha, kutaja vyanzo. Linasaidia, lakini linasimama peke yake. Jumatatu anafundishwa aya, Alhamisi anapewa kazi ya historia, na haoni vinahusianaje.

Marekani nao waliwahi kukwama hapo. Wanafunzi dhaifu waliwekwa kwanza kwenye kozi za marekebisho, na wengi waliacha kabla ya kuigusa kozi yenyewe. Mwaka 2007, chuo cha Community College of Baltimore County kilianza kuwaingiza moja kwa moja kwenye darasa la kawaida la uandishi, wanane kati ya ishirini. Kipindi kikiisha, wanane hao hubaki na mwalimu yuleyule kwa kipindi cha ziada.

Mihadhara yetu yenye mamia ya watu haina nafasi hiyo. Semina zinayo. Dakika kumi zinatosha kuweka majibu mawili ubaoni.

La kwanza: Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka mwaka 1894 kwa sababu Wajerumani walikuwa na silaha bora. Hapo ametaja tu.

La pili: silaha bora walikuwa nazo hata Lugalo mwaka 1891, na Wahehe wakawashinda. Basi nini kilibadilika katika miaka mitatu? Hapo ameanza kujadili.

Swali kama hilo kijana wa Kalenga anaweza kulichambua vizuri sana kwa Kiswahili. Ubishi uliobaki ni kama aruhusiwe kufanya hivyo kwenye semina, wakati mtihani unamsubiri kwa Kiingereza.