Mto Kagera: jua mlango wako kabla ya kununua mzigo

MFANYABIASHARA wa Kaniha, wilayani Biharamulo, anayepakia mahindi kwenda Kigali hauoni Mto Kagera mpaka afike Rusumo. Hata hivyo, mto huo umo katika hesabu zake tangu gunia la kwanza.

Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayomwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Unatokana na mito miwili. Ruvubu, ambao Ngara huitwa Ruvuvu, hutoka Burundi. Nyabarongo huanzia milima ya Nyungwe nchini Rwanda, na njiani hupokea maji ya Akanyaru. Miwili hiyo hukutana mpakani, wilayani Ngara, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo.

Hapo maji hubanwa kati ya miamba, na ndipo daraja lilipojengwa. Baada ya hapo mto huenda kaskazini kati ya Tanzania na Rwanda, ukitambaa kwenye mabwawa na mafunjo, kisha hukata mashariki, hupita Kyaka na kuingia ziwani upande wa Uganda.

Kwa mwenye mzigo, mto huu ni ukuta wenye milango michache. Rusumo ni mlango wa Rwanda. Kyaka ni njia ya kwenda Uganda kupitia Mutukula.

Mlango ukifungwa, hasara ni ya wote. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalilipua daraja la Kyaka, barabara ikakatika. Rusumo nako, daraja la zamani lilikuwa jembamba, malori hayakuweza kupishana. Daraja jipya la njia mbili, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, vilizinduliwa Aprili 2016.

Mteremko wa Rusumo sasa unazalisha pia umeme: megawati 80, zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Fungu la Tanzania husafirishwa kwa njia ya kilovoti 220 hadi Nyakanazi, Biharamulo. Mwenye nia ya kufungua mashine ya kukoboa nafaka aanze kwa kuuliza laini ya umeme imefika wapi.

Ushauri wetu kwa mnunuzi ni huu: kabla ya kutoa fedha, ujue mzigo utavuka wapi, foleni ya malori ikoje, na gharama ya kusubiri italipwa na nani. Bei nzuri ya Kigali haina faida kwa mahindi yaliyokwama Rusumo.