Kinga mbili kwenda Likasi

Tangu mlipotuona tukipita mbele ya soko asubuhi na mapema, mmoja na suruali chini ya kikwembe, mwingine na kofia ya mtoto wake wa kiume, maswali hayajaisha. Wengine mnauliza kama ni kweli. Wengine mnauliza kama tumepoteza akili. Ni kweli: sisi wawili, mshonaji na muuza mboga, tunajitayarisha kupanda kinga kutoka hapa Lubumbashi mpaka Likasi, kilomita 120 hivi, kwa siku mbili. Tunaandika yote mara moja ili tusiwajibu barabarani tukiwa tunahema.

Jambo lilianzia kwenye kituo cha afya. Mshonaji, ambaye ni yaya kwa miaka sita, alipimwa mwezi wa tatu na msukumo wa damu ukaonekana 160 kwa 100. Munganga alimpa dawa, akamwambia apunguze chumvi na asishinde kwenye cherehani kutwa nzima. Mtu mzima, alisema, anapaswa kuutumikisha mwili angalau dakika 150 kwa juma. Tulipotoka tukahesabu: nusu saa kwa siku tano. Yaya akasema kutembea tu kunamchosha roho kwa sababu hakuna mahali anapofika. Kinga ya marehemu mume wake ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko kwa miaka mitatu. Tulirudi kumwuliza munganga kwanza. Hakukataa, lakini alitaka dawa ifanye kazi majuma matatu kabla mtu hajakanyaga pedali. Tukangoja.

Na kwa nini Likasi? Binti wa yaya ameolewa kule, na kuna mjukuu ambaye bibi yake hajambeba bado. Gari la kwenda lipo, tunajua, msituambie.

Tulianza mwezi wa nne, mvua zilipokuwa zinaisha. Juma la kwanza tulikwenda kilomita 5 tu, mara tatu, na yaya alishuka kila penye kilima. Kisha kila siku ya posho tukawa na safari ndefu moja, tukiongeza kilomita 5 kila mara, na kila juma la nne tukipunguza ili mwili upumzike. Siku nyingine ni nusu saa kabla ya kazi. Kwa nani watoto wanabaki? Swali hilo tumeulizwa kuliko yote. Kila posho kijana mkubwa wa muuza mboga anasonga bukari mwenyewe. Mume wake alinung'unika majuma mawili, halafu akaleta pompi aliyoazima kwa jirani, bila kusema neno.

Walimu wetu wa kweli ni wale baba wanaoleta makala mjini kwa kinga. Mtu anayesukuma magunia ya makala kutoka porini anajua mambo ambayo sisi hatukujua. Mmoja alitusimamisha akacheka: viti vyetu vilikuwa chini mno. Kaa juu ya kiti, alituambia, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Tulipandisha viti, na maumivu ya magoti ya yaya yakapungua siku ileile. Alituonyesha pia kufunga mzigo kwa utepe wa mpira wa ndani uliochakaa, na akasema kwenye kilima kirefu hakuna aibu kushuka na kusukuma. Wanaume wengine waliotuona wakati huo walikuwa na maneno ya kusema. Yeye alikuwa na msaada, tofauti mnaiona.

Juu ya nguo, kikwembe kirefu na mnyororo havipatani. Sasa ni suruali, na kikwembe kinafungwa kiunoni kwa ajili ya vituo. Kinatumika pia kama pazia, maana dawa moja ya yaya inamfanya aende haja ndogo mara nyingi, na kando ya barabara hakuna choo. Hatusemi hayo kwa mzaha. Mwanamke akiacha kunywa maji njiani kwa kuogopa haja, kichwa kitamwuma na miguu itakufa. Wengine walitushauri maji ya chumvi na sukari, yale tunayowapa watoto wanaoharisha. Kwa yaya tulikataa, chumvi ndiyo adui yake. Anakunywa maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kabla kiu haijaja, na anakula ndizi.

Kuna mwanamke wa Marekani, Annie Londonderry, aliyeondoka Boston mwaka 1894 kuzunguka dunia na kinga, naye alikuwa mama wa watoto watatu. Alikuwa hajazoea kabisa kuendesha. Kinga yake ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 19 hivi, na alivaa sketi ndefu. Alipofika Chicago alikuwa amekonda kilo 9, karibu aache safari. Pale alichukua kinga nyepesi, akabadili nguo, akaendelea. Sisi tunaona afadhali kukonda hapa nyumbani, polepole, kabla ya kuondoka.

Posho iliyopita tulifika Kipushi na kurudi, kilomita 60, yaani sawa na siku moja ya safari yetu. Kwenda kulikuwa kwepesi. Kurudi, upepo wa kiangazi ulitupiga usoni, na muuza mboga, ambaye ni mdogo na mwenye miguu ya chuma, alikuwa ameshatangulia mpaka haonekani. Pale ndipo tulipogombana, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Tangu siku ile yaya anatangulia na mwenzake anafuata. Mwendo ni wa yule asiye na haraka. Wa nyuma ndiye anayesikia kamyo kwanza, anapiga kelele, na wote wawili tunatoka kwenye lami. Kwenye barabara ya Likasi kamyo za madini hazimngoji mtu, wala hatutabishana nazo. Upepo huohuo, tukielekea Likasi, utakuwa mgongoni. Ndiyo maana tunakwenda na kinga na kurudi na gari. Usiku mmoja tutalala Luisha.

Sasa lililobaki. Munganga amesema yaya hataondoka ikiwa kipimo hakijashuka chini ya 140 kwa 90. Vipimo vitatu vya mwisho vilikuwa 148 kwa 94, kisha 142 kwa 90, kisha 138 kwa 88. Vinashuka, lakini mara moja tu vimepita mahali panapotakiwa. Tumesikilizana kwamba njiani, kichwa kikiuma sana, macho yakifanya ukungu, au kifua kikibana, tunapanda gari la kwanza, wote wawili.

Ambalo hatujasikilizana ni hili: kipimo kikikataa kabla ya kuondoka, je, muuza mboga aende peke yake? Yaya anasema ndiyo, na ampelekee mjukuu kikwembe. Mwenzake anasema hakujifunza miezi mitatu ili afike Likasi bila yaya. Tumezungumza jioni tatu, na kila mmoja bado ameshika lake.

Kipimo ni siku ya nne, saa mbili asubuhi. Freni mpya zimefungwa, kwa fedha ya likelemba. Karanga zimekaangwa bila chumvi.